Hajati wa Mumias: uchambuzi wa kisa cha kurudi nyumbani

Kisa hiki kinamhusu mjane wa miaka sitini na kitu, mkazi wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, aliyehiji mwaka 1445 Hijria, yaani Juni 2024, akarudi salama, akapokewa kwa shangwe, na miezi mitatu baadaye familia yake ikaanza kuihofia akili yake. Nimekiandika kwa ridhaa yake, na nimebadilisha mambo machache ambayo yangemtambulisha. Nitamwita Hajati, kama mtaa mzima unavyomwita. Mimi ni mshauri nasaha. Niliitwa na bintiye, na niliyoyaandika hapa yametokana na mazungumzo yangu na Hajati mwenyewe, na wanawe, na majirani, na mhudumu wa afya ya jamii ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutambua kwamba kuna jambo.

Dai langu ni moja. Kilichomwangusha Hajati hakikuwa kuikosa Makka. Alipoteza, katika muda usiozidi miezi miwili, makundi mawili ya watu waliokuwa wakimhitaji. Kundi la kwanza lilitawanyika uwanja wa ndege, kama ilivyotarajiwa. Katika la pili aliondolewa na wanawe mwenyewe, kwa mapenzi yao.

Kabla ya safari

Kwa zaidi ya miaka ishirini Hajati alikaanga mandazi kando ya steji ya matatu. Unga aliukanda usiku kwa hamira na iliki, akauacha uumuke, na kabla makondakta wa magari ya kwanza hawajaanza kuita abiria wa Kakamega na Bungoma, karai lilikuwa limeshapata moto. Andazi moja aliuza shilingi 10. Wateja wake walikuwa waendesha bodaboda, watoto wa shule, madereva wa matrekta ya miwa, walimu wachache na wanawake waendao sokoni. Wengi wao hakuwajua kwa majina kamili wala hakuzijua nyumba zao, lakini alijua ni nani amenunua pikipiki kwa mkopo na angali analipa kila siku, ni nani amekosana na mkewe, na ni mtoto yupi anayekuja asubuhi bila kunywa chochote kwao. Mwendesha bodaboda asipoonekana siku mbili, Hajati alimtuma mwenzake amjulie hali. Alikuwa pia na daftari la madeni ambalo, kwa maelezo ya bintiye, lilibeba hata majina ya waliokwishafariki, kwa sababu Hajati hakupenda kuyakata.

Mumewe alifariki miaka mingi iliyopita. Bintiye ni mwalimu huko Nakuru. Mwanawe wa kiume anafanya kazi Doha, Qatar, na ndiye aliyelipia safari. Ikumbukwe kwamba Uislamu si mgeni Mumias. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipiga kambi hapo ikielekea Uganda katika enzi ya Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga aliyefariki mwaka 1949, na tangu zama hizo Waislamu wa mji huu wamekuwa na desturi zao za kumuaga na kumlaki msafiri wa Hija. Anayerudi kutoka Makka hapokewi na jamaa zake tu. Anapokewa na mji.

Siku za Hija

Hija ya 2024 ilikuwa ngumu. Takwimu rasmi za Saudia zilihesabu mahujaji 1,833,164, joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya huko ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu walioingia bila vibali na hivyo kukosa mahema na magari ya kuwasitiri na jua. Hajati alikwenda na kundi lenye vibali. Akapangiwa chumba kimoja na wanawake wengine watano kutoka Mombasa, Lamu, Garissa na Nairobi. Yeye peke yake ndiye aliyetoka magharibi mwa Kenya. Siku ya kwanza, kwa maneno yake, walikuwa "wanawake sita na masanduku sita, kila mmoja analilinda lake."

Joto na msongamano ndivyo vilivyowaunganisha. Walivaa vitambaa vya rangi moja juu ya hijabu zao wasije wakapoteana katika tawafu, yaani kuizunguka Kaaba. Huko Mina, mahali pa mahema ya mahujaji karibu na Makka, waligawana zamu: mmoja apange foleni ya choo, mwingine atafute maji, mwingine abaki na mizigo. Mwenzao wa Lamu alikuwa na maradhi ya magoti na asingeweza kufika Jamarati, kwenye nguzo tatu ambazo mahujaji huzirushia vijiwe, basi akampa Hajati uwakala wa kumrushia vijiwe, jambo ambalo sheria inamruhusu asiyejiweza. Tarehe 10 ya Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, Hajati alirusha vijiwe saba vyake, kisha saba vya mwenzake. Tarehe 11 na 12 alifanya vivyo hivyo kwenye nguzo zote tatu, vyake kwanza na vya mwenzake baadaye, mpaka vikatimia 49 kwa kila mmoja wao.

Habari ya vijiwe alinisimulia tena na tena, na kila mara kwa ukamilifu uleule: namna alivyoviweka katika vifuko viwili tofauti ili asivichanganye, namna alivyokuwa akimpigia mwenzake simu kutoka kwenye daraja la Jamarati kumwambia "vyako nimemaliza", na namna mwenzake alivyolia. Nilipomwuliza kuhusu Kaaba alijibu kwa ufupi na kwa unyenyekevu kwamba hilo ni baina yake na Mola wake, nami sikumchimba zaidi. Kuhusu usiku wa Muzdalifa, uwanda ambako mahujaji hulala usiku mmoja, walipolala juu ya mikeka bila paa, alizungumza karibu saa nzima.

"Mwanangu, usiku ule aliyetaka kwenda msalani hakwenda peke yake. Aliniamsha. Nami niliamka, wala sikuona dhiki."

Nisieleweke kwamba hema la Mina lilikuwa pepo ndogo. Waligombana kuhusu kiyoyozi, kuhusu mmoja aliyezungumza na wanawe kwa simu usiku wa manane, na kuhusu mchele wa kundi ambao watu wa Mombasa waliudharau mno. Siku mbili nzima Hajati na mwanamke mmoja wa Nairobi hawakusemezana. Ninalitaja hili kwa sababu wanaorudi kutoka safari za namna hii husimulia kana kwamba wenzao walikuwa malaika, na msikilizaji akiamini hivyo hudhani kilichokosekana nyumbani ni watu wema. Kwa Hajati haikuwa hivyo. Yule wa Nairobi, hata walipokuwa hawasemezani, alimshikia nafasi katika foleni.

Mapokezi

Alitua Nairobi mwishoni mwa Juni, siku ambazo nchi ilikuwa katika msukosuko wa maandamano dhidi ya Muswada wa Fedha yaliyofikia kilele chake tarehe 25. Jamaa zake wakaona akae kwanza Nairobi mpaka njia zitulie, kisha akapanda ndege hadi Kisumu na gari hadi Mumias. Kuchelewa huko kuliongeza hamu ya watu. Alipofika palikuwa na dufu, vigelegele, pilau, na umati uliojaa hadi barabarani. Maji ya zamzam aliyoyabeba katika dumu la lita tano yaligawanywa kwa vikombe vya kahawa ili yamfikie kila mtu, na tende zilikwisha siku ya pili.

Wengi huamini kwamba dua ya aliyetoka kuhiji ina kabuli ya pekee katika siku 40 za kwanza. Kwa siku hizo nyumba yake haikukosa wageni. Walikuja wenye kutafuta watoto, wenye kesi mahakamani, wenye wanafunzi waliokaribia mitihani. Hajati aliwaombea wote. Bintiye, aliyekuwa amechukua likizo, aliniambia kwamba katika siku hizo mama yake alionekana mwenye furaha, ingawa jioni alichoka kuliko alivyowahi kuchoka kwenye karai.

Siku 40 zilipopita, wageni nao walikoma. Hapo ndipo wanawe walipochukua uamuzi ambao kwao ulikuwa wa heshima. Mama asirudi steji. Hajati hawezi kukaa kwenye moshi akihesabu sarafu za shilingi 10 huku mwanawe yuko Qatar. Karai na jiko vikapewa jirani, akaajiriwa msichana wa kazi, na kila mwanzo wa mwezi fedha zikawa zinaingia kwa M-Pesa. Hajati hakupinga. Alikuwa ameombewa na wanawe safari ya ndoto yake, wakailipia, na hakuona namna ya kuwakatalia jambo jingine waliloliita zawadi.

Dalili, na kila mtu alivyozisoma

Kufikia Septemba alikuwa akikaa kitini sebuleni muda mrefu, simu mkononi, akisoma kundi la WhatsApp la mahujaji wenzake. Alikula kidogo. Usingizi ulimpaa kabla ya alfajiri, saa ileile aliyokuwa akiwasha makaa zamani, naye akabaki macho bila kazi. Aliacha kwenda darsa la wanawake. Akiulizwa jambo alijibu, ila hakuongeza neno.

Kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wazee wa msikitini walisema ni uchaji: moyo wake umebaki kule, na hilo ni jema. Shangazi mmoja alishuku husuda ya majirani na akapendekeza kisomo. Bintiye alihofia maradhi ya kusahau yanayowapata wazee, kwa kuwa mara mbili mama yake alimwita kwa jina lisilo lake. Baadaye ilibainika kuwa lilikuwa jina la yule mwenzake wa Lamu. Mwana wa Doha alisema mama amechoka tu, apumzike zaidi, akaongeza kiasi anachotuma.

Mhudumu wa afya ya jamii hakuwa na nadharia. Yeye ni mmojawapo wa wahudumu wapatao 100,000 ambao serikali iliwapeleka vijijini na mitaani kuanzia Septemba 2023, wakiwa na mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Alimpima mara kwa mara, akakuta presha na sukari ziko sawa, na akamwambia bintiye maneno ambayo sijaona haja ya kuyaboresha: "Mama haugui, lakini hakai sawa."

Nilipoitwa nilitaka kwanza aonwe na daktari, kwa sababu mtu wa umri wake aliyetoka katika joto lile na umati ule huweza kurudi na maradhi ya kifua au upungufu fulani mwilini ambao dalili zake hufanana na huzuni. Kikohozi alichorudi nacho kilikuwa kimekwisha, na vipimo havikuonyesha kitu. Dodoso la maswali tisa tunalotumia kupima sonona, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 27, lilimweka chini ya 10, kiwango ambacho kwa kawaida kikifikiwa ndipo tunapochukua hatua nzito zaidi. Alijua siku, mwezi, majina ya wajukuu na madeni ya steji nzima.

Kilichobainika

Maelezo yaliyo karibu zaidi katika taaluma yetu yangekuwa yale ya mshtuko wa kurudi. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliueleza kwa mchoro wenye umbo la herufi W: msafiri hushuka moyo akiwa ugenini, huinuka anapozoea, hushuka tena akirudi nyumbani, kisha huinuka. Mchoro huo una faida zake, hasa kwa wanafunzi waliokaa nje miaka mingi. Kwa Hajati haukufaa. Hakukaa ugenini kiasi cha kubadilika, hakuuona mji wake kuwa mdogo wala mchafu, hakulalamikia chochote cha Mumias. Na mchoro ule una hatari moja: humshauri mtu asubiri, kana kwamba kuinuka kutakuja kwenyewe. Mwana wa Doha alikuwa tayari anasubiri.

Kilichonisaidia zaidi ni maandishi ya Alfred Schutz, mwanasosholojia mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1945, vita vikiwa vinaisha, aliandika kuhusu askari wanaorudi makwao. Alieleza kwamba anayerudi hutarajia kuingia tena mahali pale pale alipotoka, na waliobaki humtarajia mtu yule yule aliyeondoka, na pande zote mbili hukuta sivyo. Katika kisa hiki jambo hilo lilikwenda hatua moja mbele. Mahali pa Hajati hapakubadilika kwa sababu ya kupita muda. Palikuwepo, moto, kando ya steji, na waliompenda ndio waliopafunga.

Nilimwomba bintiye aandike majina ya wote waliomtembelea mama yake katika wiki iliyopita na sababu ya kila mmoja. Zoezi hili lilimchukua muda mfupi. Waliokuja walikuwa wachache, na walikuja kuomba: dua, au msaada wa fedha, kwa kuwa nyumba ya Hajati mwenye mwana Qatar haidhaniwi kukosa. Hakuna aliyekuja kwa jambo dogo. Hakuna aliyekuja kulipa shilingi 20 za juzi, kusimulia mtoto alivyofaulu, au kukaa tu dakika tano akisubiri gari lijae. Vijana wa bodaboda, nilipowauliza, walisema wanamkumbuka sana lakini wanaona haya kubisha hodi. Mtu huhitaji sababu ya kufungua geti la mwenye heshima, na andazi lilikuwa sababu tosha.

Wanasaikolojia Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu watu ambao hatuna nao undugu wala urafiki wa ndani, wale wa kujuana kwa salamu. Waligundua kwamba siku ambazo mtu amekutana na wengi wa namna hiyo kuliko kawaida yake huwa na furaha zaidi na hujihisi zaidi kuwa ni mmoja wa jamii. Ningemwonyesha Hajati utafiti huo angecheka, maana alikuwa akiuishi kila asubuhi. Lakini kwa familia ulikuwa na uzito, kwa sababu wao walihesabu watu wa mama yao kwa damu na kwa ndoa, na kwa hesabu hiyo hakuwa amepoteza hata mmoja.

Bintiye alinipinga mwanzoni. Alisema upweke ni ugonjwa wa Ulaya, wa wazee wanaoachwa peke yao kwenye nyumba za ghorofa, na kwamba mama yake ana ukoo mzima unaomzunguka. Ni hoja ninayoisikia mara nyingi Kisumu na Kakamega, na huwa inatolewa kwa fahari. Baada ya kazi yetu kwisha, Shirika la Afya Duniani lilitoa, Juni 2025, ripoti ya tume yake kuhusu mahusiano ya kijamii, iliyosema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba katika nchi za kipato cha chini wanaojihisi wapweke ni karibu asilimia 24, takriban mara mbili ya nchi tajiri. Nilimtumia. Alijibu kwamba sasa anaelewa, na kwamba hata hivyo asingependa wanafunzi wake waisome wakadhani nyanya zao wameshindwa kulelewa.

Kuhusu kundi la WhatsApp, nililitazama kwa ruhusa yake. Lilikuwa na mamia ya ujumbe: picha za maua zenye "Ijumaa Mubarak", mawaidha ya sauti yaliyotumwa kutoka makundi mengine, matangazo ya Umra. Majina ya wale watano yalionekana mara chache. Watu waliokuwa wakishikiana nafasi katika foleni hawakuwa na foleni tena, na salamu zilizobaki hazikumtaka yeyote afanye kitu. Hajati alizisoma zote, hata zile ndefu, akitafuta sauti ya mtu anayemjua.

Kikao

Nilipendekeza kikao cha familia. Walihudhuria Hajati, bintiye, ami wa watoto ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, imamu wa msikiti wa jirani, na mhudumu wa afya; mwana wa Doha alisikiliza na kuzungumza kwa simu iliyowekwa mezani. Niliomba kila mmoja aseme jambo analolihofia, wala asianze na ushauri.

Mwana alisema waziwazi kwamba anahofia maneno ya watu. "Mama, watasema nimekupeleka Makka nikashindwa kukulisha."

Imamu alimjibu kwa upole kwamba maneno ya watu yapo, lakini sheria haina neno. Alisoma aya ya 198 ya Suratul-Baqara, inayowaambia mahujaji kwamba si vibaya kwao kutafuta fadhila za Mola wao, akaeleza kwamba wafasiri wengi wanaifahamu kuwa ni ruhusa ya kufanya biashara katika msimu wenyewe wa Hija, kwa kuwa Waislamu wa mwanzo waliona haya kuuza na kununua katika siku hizo. Ikiwa riziki imeruhusiwa ndani ya Hija, aliuliza, itakatazwaje baada yake? Akaongeza kwamba Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na hakuna aliyemwona kupungukiwa na heshima.

Ami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo la kweli zaidi lililosemwa upande ule: kwamba hakuna aliyedai ni haramu. Suala ni heshima ya ukoo, na heshima ya ukoo haina aya. Nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu watu wengi katika hali yake hujificha nyuma ya dini, na mazungumzo hukwama hapo.

Hajati alikuwa kimya. Bintiye akamsogelea, akamwuliza: "Mama, na wewe unahofia nini?"

"Mnanipa kila kitu," alisema. "Hakuna aliyeniachia kitu cha kumpa mwenzangu."

Mwana hakujibu kwa muda, hata tukadhani simu imekatika.

Yaliyofuata

Makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa nusu kwa nusu, kama makubaliano ya koo yanavyokuwa. Hajati atakaanga asubuhi tu, hadi saa tatu. Yule msichana wa kazi atachochea moto na kubeba maji. Na, kwa sharti la ami, atauzia mbele ya nyumba yake badala ya steji. Sharti hilo lilishindwa upesi. Nyumba haiko njiani kwa mtu yeyote anayewahi gari, na mandazi yaliyobaki yaliliwa na majirani bure. Ami mwenyewe ndiye aliyelegeza, baada ya kukuta asubuhi moja masufuria mawili yamejaa na shemeji yake amekaa kando yake. Kibanda kikarudishwa steji, safari hii kikiwa na paa la mabati na dirisha, ili Hajati asionekane na kila apitaye. Dirisha lenyewe sijawahi kuliona limefungwa.

Jaribio la pili lilikwenda vibaya zaidi ya tulivyotarajia. Wanawake wa msikitini walimwomba awafundishe wanaonuia kuhiji mwaka unaofuata, nami nililiunga mkono sana wazo hilo, maana lilionekana kuunganisha safari na nyumbani. Hajati alijiandaa kuwaeleza namna ya kutunza mwenzako kwenye msongamano, namna ya kugawana zamu, vifuko viwili vya vijiwe. Walitaka kujua bei ya dhahabu Makka, na kama ni kweli kwamba mahoteli ya Madina yana lifti zinazozungumza. Baada ya vikao vichache aliacha. Hakukasirika, alisema tu kwamba mambo yale hayafundishiki kwa aliye kwenye kiti. Nadhani alikuwa amekosea kidogo, kwa sababu mwanamke mmoja katika darasa lile, mwenye umri karibu na wake, aliendelea kumfuata kibandani kumwuliza maswali, na sasa ndiye anayemshikia karai akienda kuswali Dhuha, sala ya hiari ya asubuhi.

Usingizi ulirudi kabla ya kitu kingine chochote. Kupaa usingizi saa tisa na nusu usiku si maradhi kwa mtu mwenye unga wa kukaangwa. Dodoso tulilirudia baadaye na alama zikawa zimeshuka, ingawa mimi nilitilia maanani zaidi taarifa ya mhudumu wa afya kwamba Hajati alimtuma kwa kijana wa bodaboda aliyekuwa na homa ambaye hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba anaumwa. Kundi la WhatsApp alilizima sauti, akabaki na namba moja anayoipigia, ile ya Lamu. Wanaongea Jumapili usiku. Kwa kadiri nilivyosikia, wanaongea kuhusu magoti.

Wawili hao walipanga wakutane Lamu katika Mfungo Sita mwaka 2025, wakati wa Maulidi yanayowakusanya watu kutoka pwani yote na mbali zaidi. Bintiye alitaka amlipie ndege. Hajati alitaka basi kupitia Mombasa, ili awapitie na wale wa chumba kimoja walioko huko. Suala la nani ataangalia kibanda wiki hizo lilijadiliwa kwa uzito mkubwa kuliko nauli. Mwana wa Doha alikubali kulipa gharama zote za safari hiyo mara alipoambiwa. Kuhusu mandazi bado hasemi kitu; akipiga simu asubuhi na kusikia makondakta nyuma ya sauti ya mama yake, huuliza habari za wajukuu.